TCAA: mwamuzi ambaye abiria wengi hawamjui

Ndege ikichelewa, abiria wa Dar hulaumu uwanja. Uwanja una wenyewe, TAA (Mamlaka ya Viwanja vya Ndege). Anayeyabana mashirika ya ndege ni mwingine: TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, makao makuu yao Banana, Ukonga.

Nilifika kwao kwa sababu ya begi. Lilitoka kwenye mkanda gurudumu limeng'oka na zipu imechanika, na shirika (silitaji) likawa linanizungusha tu. Nikaandika malalamiko TCAA, nikaambatanisha tiketi, kibandiko cha mzigo na fomu ya uharibifu niliyojaza uwanjani. Hiyo fomu ndiyo roho ya kesi. Ukitoka bila kuijaza, shughuli unayo. Nilijibiwa kwa lugha ya kueleweka, na ghafla shirika likaanza kupokea simu zangu.

Mamlaka hii ilianza kazi 2003. Kabla yake ilikuwa idara ya serikali, na hadi 1977 anga ya Kenya, Uganda na Tanzania ilisimamiwa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki. Leo wanatoa leseni za marubani, wanakagua ndege zenye usajili wa 5H (alama ya ndege za Tanzania), na wanaongoza ndege kwa rada za Dar, KIA (uwanja wa Kilimanjaro), Mwanza na Songwe.

Hapo ndipo ninapowanyima nyota ya tano. Anayeongoza ndege na anayekagua uongozaji huo wako chini ya paa moja, Uingereza walishavitenganisha. Nne zinawatosha kwa sasa.

Na ninyi wapiga picha za harusi: kibali cha droni ni kwao pia.