Ziara ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar: Tathmini kwa Muumini Anayepita katika Dhiki

Ziara ya Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, Mkunazini, hutambulika zaidi kama ziara ya historia ya utumwa, na wageni wengi hukata tiketi kwa nia hiyo. Mimi naitathmini kwa jicho la Mkristo anayetaka kufahamu namna dhiki inavyoijenga tabia ya mtu aliyemwamini Mungu. Kwa kipimo hicho naiweka juu ya semina nyingi nilizowahi kuhudhuria, ila kwa sharti moja: mgeni asiishie kwenye minyororo.

Mahali penyewe hapana shida kupafikia. Kanisa liko ndani ya Mji Mkongwe, karibu na soko la Darajani. Kiingilio hulipwa langoni, na wapo waongozaji wanaoeleza kwa Kiswahili. Ziara huanza kwenye maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika jengo la zamani la misheni. Hapo unaelezwa jinsi watu walivyotekwa pande za Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakasukumwa kwa miguu hadi Kilwa na Bagamoyo, kisha wakavushwa kwa majahazi hadi kisiwani. Unaelezwa pia kwamba soko la wazi la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba kwa shinikizo la Waingereza, ilhali utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria ya Zanzibar hadi mwaka 1897. Miaka hiyo 24 ya katikati haifai kurukwa, kwa sababu ndani yake liliishi kanisa ambalo waumini wake wengi waliwahi kuwekwa sokoni, na nje ya ukuta wake watu wengine walikuwa bado mali ya watu.

Chini ya jengo hilo kuna vyumba viwili vya mawe, vyenye dari ya chini na hewa nzito, vinavyoonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya mnada. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo, wakisema kwamba jengo lililo juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Nashauri msomaji alijue hilo kabla ya kushuka, kwa maana imani haihitaji kushikizwa kwenye jambo lenye mashaka wakati yaliyo hakika yanatosha. Nje, katika shimo lililojengewa, wamesimama watu watano wa mawe wakiwa na mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Ningependa kila kiongozi wa kikundi awape watu wake muda wa kukaa kimya mbele ya nyuso zile kabla ya kuingia kanisani.

Ndani ya kanisa ndipo thamani ya ziara hii ilipo. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa, na aliyeusimamia ujenzi kwa miaka mingi ni Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambaye amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru sakafuni linaloonyesha mahali ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko, ili mnunuzi aone nani ana nguvu za kustahimili. Ibada ya Meza ya Bwana huadhimishwa hatua chache kutoka hapo. Sijui mahali pengine katika pwani yetu ambapo fundisho la msalaba limewekwa wazi namna hii bila mhubiri kusema neno.

Upande mmoja umetundikwa msalaba wa mbao, ambao mti wake ulitoka Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, chini yake ulipozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alipofariki Mei 1873. Mgeni asiondoke haraka mbele ya msalaba huu, na ikiwezekana asimuulize mwongozaji habari za Livingstone peke yake, aulize na za waliobeba mwili wake hadi pwani. James Chuma alikuwa kijana wa Kiyao aliyefunguliwa katika msafara wa watumwa karibu na Mto Shire mwaka 1861. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za maziko ya moyo ule, naye alikuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Wao pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kilomita zaidi ya 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na baadhi yao walifia njiani. Hakuna aliyewalazimisha. Watu waliokuwa wameporwa kila kitu, wakiwa na kila sababu ya kumtazama mwanadamu kama bidhaa, waliichukulia heshima ya maiti ya rafiki kuwa deni ambalo lazima walilipe. Uaminifu wa namna hiyo ndio niliofuata Mkunazini.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba muumini aulize zaidi ya yale yanayoonekana kwa macho. Misheni ilipohamia Zanzibar mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, wakakabidhiwa kwa Askofu Tozer na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto mdogo, aliwekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo, na alihudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa watu wa kabila alilonyang'anywa utotoni. Hebu fikiri safari hiyo: anarudi upande ule ule misafara ilikopitia, mikononi ana Injili, na kati ya anaowahubiria huenda wamo waliowahi kuuza watu.

Wengine walitangulia kusini mwaka 1876, Steere alipoondoka na kikundi cha waliokombolewa waliokuwa wakitafuta njia ya kurudi kwao. Wakakomea Masasi, wakajenga kijiji. Mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni wa kundi la Magwangwara, nyumba zikachomwa, na watu waliokwisha kuonja uhuru wakatekwa tena. Hapa ndipo mahubiri mepesi kuhusu mateso yanapokosa la kusema. Wahubiri wetu hupenda mfano wa dhahabu na moto, na ni mfano wa kibiblia, lakini mara nyingi husimuliwa kana kwamba moto ni mmoja na ukizimika kazi imekwisha. Watu wa Masasi walipita motoni mara ya pili. Misheni ile haikufa, na hadi leo Masasi ni makao ya dayosisi ya Kianglikana.

Paulo, katika sura ya 5 ya waraka kwa Warumi, anaweka mfuatano: dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huzaa tumaini. Nimeusikia mfuatano huo ukitumiwa kumwambia mjane au mgonjwa avumilie tu, kana kwamba maumivu yenyewe ni mwalimu mwema. Baada ya Mkunazini siwezi kuyakubali matumizi hayo. Mnada haukumfanya mtu yeyote kuwa mtakatifu. Uliwaua wengi na kuwavunja wengi zaidi, na aliyeujenga atatoa hesabu mbele za Mungu. Kilichowajenga akina Swedi na Majaliwa ni kupendwa, kufundishwa, kupewa jina na kazi, na kukabidhiwa wenzao wawachunge, huku kumbukumbu ya mateso ikiwa imewafundisha kumtambua anayeumia kabla hajasema. Paulo mwenyewe, katika mistari hiyo hiyo, anasema tumaini halitahayarishi kwa kuwa pendo la Mungu limekwisha kumiminwa mioyoni mwetu. Ukiuondoa upendo huo, mfuatano wote unakatika kwenye neno la kwanza.

Kwa upande wa huduma, ziara huchukua yapata saa moja na nusu ikiwa hamna haraka. Asubuhi ya siku ya kazi ni bora, kabla joto na makundi makubwa hayajafika. Vaeni mavazi ya heshima. Ni nyumba ya ibada, na Jumapili waumini husali humo. Kwa darasa la kipaimara naipendekeza bila kusita, mradi mwalimu awe amewasimulia habari za Majaliwa mapema, kwa sababu vijana wasiomjua hutoka wakiwa na huzuni na hasira pasipo mahali pa kuzipeleka. Watoto wadogo wasishushwe katika vyumba vya chini. Kwa mtu aliyefiwa karibuni, au aliye katikati ya dhuluma isiyokwisha, ningeshauri aende na rafiki wa kiroho, aingie kwanza kanisani, akae, na maonyesho ayaone mwishoni au ayaache kabisa.

Mwenye nafasi ya mchana aendelee hadi Mbweni, nje kidogo ya mji, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana na magofu ya shule ya wasichana waliokombolewa. Huko hakuna msongamano, na kuna makaburi ya watu walioishi uzee wao wakiwa huru.