Bunduki ya gumegume au ya fataki? Nimewinda na zote mbili, haya ndo niliyoyaona

Tarehe 27 Desemba iliyopita niko msituni huku Pennsylvania, Marekani, theluji nyepesi inadondoka, kulungu jike akasimama kama yadi 40 hivi, kanipa ubavu kabisa, nikavuta triga ya gumegume yangu nikasikia "tak" basi. Cheche zimeruka vizuri tu ila baruti ya kwenye kifa, yani kile kibakuli cha pembeni ya mtutu, ilishakuwa uji. Akaondoka zake anatembea. Iliniuma sana, maana Oktoba hiyohiyo nilikuwa nimeazima ya fataki, aina ya Hawken ya kampuni ya Thompson/Center, kalibra .50 (nusu inchi), nikapiga kulungu mvua inanyesha na haikusita hata kidogo.

Kwa wasiozijua, zote mbili unashindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, kwa mdeki, kama magobore ya kwetu Tabora. Tofauti iko kwenye kuwasha. Fataki ni kakofia kadogo ka shaba, nyundo ikikagonga moto unaingia ndani mojakwamoja. Gumegume sasa, jiwe likwaruze chuma, cheche ziangukie kwenye kifa, baruti ya pale iwake, moto upite kwenye katundu ndo ufike kwenye chaji yenyewe, yani baruti iliyoshindiliwa ndani. Ni kufumba na kufumbua lakini ukitikisika hapo katikati umekosa. Na mnyama anaona mwako. Alexander Forsyth, mchungaji wa kule Scotland, aliona ndege wanashtuka na ule mwako kabla risasi haijawafikia, ndo akabuni njia ya kuwasha kwa kugonga na kupata hataza yake 1807, fataki zikaja kutokana na hapo.

Sasa mbona pesa yangu nimenunulia gumegume? Kwanza sheria ya huku. Kuna wiki moja ya Oktoba ya kulungu wasio na pembe ambayo fataki inaruhusiwa, ila msimu wa baada ya Krismasi, unaoanza 26 Desemba, ni gumegume tu, na ule ndo msimu ninaoupenda maana msitu umetulia na watu wengi washarudi makwao. Pili ile bunduki imenifundisha kutulia, siku hizi natuliza shabaha hata baada ya kuvuta triga na hiyo imenisaidia hata na bunduki zingine.

Baada ya ile siku nilibadilisha mambo. Jiwe nalifunga kwa kipande cha ngozi lisicheze na nalinoa makali kabla ya kutoka. Kwenye kifa natia baruti laini ya FFFFg (F zikiwa nyingi ndo chembe zinazidi kuwa ndogo) kidogo tu, isifunike katundu, na kukiwa na unyevu naifuta na kuweka mpya kila nusu saa, mtambo wote naufunika kwa ngozi iliyopakwa mafuta. Baruti ya ndani iwe nyeusi halisi, hili nasisitiza, duka la karibu walikuwa na zile mbadala tu wakaniambia ni zilezile, sio kweli, zinataka joto kubwa zaidi kuwaka na kwenye gumegume zinasumbua mno, ya kweli ilibidi niagize. Januari nikarudi na greni 80 (kama gramu 5) za baruti ya FFFg, risasi ya duara ya inchi .490 kwenye kitambaa chenye mafuta, yadi 35, kulungu hakufika mbali.

Kama ndo unaanza na unachotaka ni nyama, chukua fataki, usijitese. Kama unaweza kwenda kulenga shabaha kila wiki miezi miwili kabla ya msimu, chukua gumegume, ukienda msituni bila mazoezi utajeruhi mnyama bure na hilo sikubaliani nalo kabisa.

Na ikigoma, ikisema "tak" tu, usiishushe wala kuchungulia kwenye mtutu. Iache imeelekea pasipo na mtu dakika nzima, chaji inaweza kuchelewa kuwaka.