Gauni jeupe la kuapishwa: nyota nne kati ya tano

Nimelipata dola 38 kwenye duka la mitumba hapa Columbus, Ohio, wiki moja kabla ya kuapishwa kwenye chama chetu cha akina dada wa chuoni. Tuliagizwa nyeupe tupu, siyo krimu, magoti yafunikwe, viatu viwe vya kuziba vidole. Vyama vingi vya namna hii Marekani huvaa nyeupe siku hiyo.

Kitambaa ni pamba nzito yenye bitana mpaka kwenye pindo, na hapo ndipo nilipolipenda. Nguo nyeupe isiyo na bitana, ukisimama mbele ya taa, huanika kila kitu. Nimekaa, nimeinama, nimenyanyuka, halikupanda hata kidogo. Ndani vaeni rangi ya ngozi yenu jamani. Nyeupe chini ya nyeupe inaonekana.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya zipu. Iliachia mgongoni nikiwa bado bwenini, zimebaki dakika ishirini. Mwenzangu wa chumbani aliishona kwa mkono, mishono midogo midogo, huku nimebana pumzi. Sijaifumua mpaka leo.

Mama alipoona picha, kule Tanga, aliniuliza: "Mwanangu, umeolewa?"