Mapezi ya flaiwili yamevunjika na injini bado inawaka: naionesha mashine ya kufyekea ya 52cc

Mambo vipi wadau, shikamooni wakubwa zangu wote mnaotuangalia, karibuni tena Tanga. Leo nipo Sahare uani kwa mama, kwa hiyo mkisikia kuku wanapiga kelele mnivumilie. Niliwaahidi video ya pampu ya maji, nimeisogeza, itakuja wiki ijayo inshallah, maana hili la leo limenikera siku tatu mfululizo, siwezi kulala nalo.

Hii hapa, mnaijua, mashine ya kufyekea majani, 52cc, tu-stroki, ya kuvuta kamba, ya kuchanganya oili na petroli. Sitawasomea karatasi ya boksi, mtaani zimejaa na kila mtu keshaishika. Niliinunua 280,000 kabla ya masika ya mwaka jana, imefyeka uwanja wa mpira, imefyeka shamba la machungwa la baba mdogo kule Muheza, na kwa hela ile sina neno baya, inawaka mvuto wa pili au wa tatu. Najua kuna watu watasema ungenunua Stihl, jamani Stihl ni mashine ya kweli, lakini bei yake unanunua hizi zaidi ya mbili na chenji ya nauli inabaki, tusilinganishe vitu visivyolingana.

Sasa kilichonikera. Dogo, sogeza kamera hapa. Mnaiona hii? Hii ndio flaiwili, gurudumu linalozunguka pamoja na shafti ya injini, aluminiamu, ina sumaku pembeni, na haya yaliyosimama kama meno ndio mapezi. Hesabu na mimi... hapa pezi moja hakuna, la pili hakuna, la tatu limebaki nusu. Nilipeleka mashine kwa fundi abadilishe oili sili upande huu, ule mpira unaoziba pembeni ya shafti, ilikuwa inavuta hewa. Kazi ya sili kafanya vizuri, lakini kufungua nati ya katikati kachomeka bisibisi kwenye mapezi ili flaiwili isizunguke, akakaza mkono, paa! Kanirudishia mashine imefungwa vizuri, kimya, hajasema kitu. Hicho ndicho kinachouma, ungeniambia tu kaka, tungeongea.

Na mwanzo sikujua, kwa sababu inawaka! Sikilizeni, nimetoa kisu, naivuta... haya, imewaka. Ipo sailensa, yaani inazunguka taratibu sijaongeza moto, imetulia, mtu atakwambia mzima huyu, kafyeke. Sasa angalia hii glasi ya maji niliyoweka kwenye benchi. Sailensa, maji yanacheza kidogo tu pembeni. Naongeza moto, sivuti mpaka mwisho kwa sababu bila mzigo hizi injini zinakimbia kupita kiasi, naongeza tu... umeona? Umeona maji yalivyoruka? Na glasi yenyewe inatembea inakuja ukingoni, dogo ishike hiyo glasi ya mama!

Nizime niwaelezee. Vipande vilivyovunjika niliviokota ndani ya kava, nikavipeleka kwa sonara Ngamiani akavipima kwenye mzani wa dhahabu, gramu 3. Utasema gramu 3 ni nini. Haya, pezi lipo kama sentimita 4 kutoka katikati ya shafti. Mashine ikiwa sailensa, mizunguko kama 2,800 kwa dakika, hizo gramu 3 zilizopungua upande mmoja zinafanya flaiwili ivutwe upande wa pili kwa nguvu kama ya kilo moja hivi. Ukifungua moto ikafika 8,000, nguvu inakuwa kama kilo 8 na nusu, kwa sababu mwendo ukizidi mara tatu nguvu inazidi karibu mara tisa, na hiyo kilo 8 na nusu inazungushwa mara 133 kila sekunde. Ni kama mtu anaipiga beringi nyundo mara 133 kwa sekunde huku wewe unafyeka na redio inaimba. Ndio maana sailensa inakudanganya.

Na nani anaumia? Beringi ya kranki, ile shafti kuu ya injini, kwanza. Halafu ile sili mpya niliyolipia. Boliti za bomba la moshi na kabureta zinalegea zenyewe, juzi nimekaza mbili. Na mkono, nilifyeka dakika ishirini tu vidole vikafa ganzi, nikashindwa kushika kikombe cha chai.

Kitu kingine watu hawakijui, mapezi hayajawekwa kwa urembo, ndio feni yenyewe. Hii injini haina maji wala rejeta, upepo wa haya mapezi ndio unapuliza silinda. Ukipungua, silinda inachemka, pistoni inatanuka, siku moja inajam katikati ya shamba na hapo unanunua silinda na pistoni.

Mwanzoni nilikuwa nasema tuitumie hivi hivi kazi ndogo ndogo. Na kuna ujanja wa mtaani, unakata pezi la upande wa pili ili usawa urudi. Nimejaribu baada ya ile glasi, sitaki kuwaficha, mtetemo ulipungua kweli kweli, nikafurahi. Lakini fikiria, upepo ulishapungua na wewe umeupunguza tena. Robo saa tu kava ya plastiki ikaanza kunuka, nikazima. Kwa hiyo nimebadilisha mawazo, hapana, msifanye.

Na kabla ya yote kagua kama imepasuka hapa katikati, inapokaa kwenye shafti. Ivue, ining'inize kwenye kidole, igonge na spana ndogo. Kama unavyogonga chungu sokoni kabla hujalipa, hivyo hivyo. Nzima inalia tiiing. Iliyopasuka inalia ko, imekufa. Ikilia ko hiyo usiiwashe hata sekunde moja, ikipasukia kwenye mwendo vipande havichagui mguu wala jicho.

Kuivua bila kuua mapezi, ndio hii, angalieni vizuri. Natoa plagi. Pistoni ikishapanda kidogo ikaziba matundu ya pembeni ya silinda, kamba isije ikanasa humo, naingiza kamba safi kwenye tundu la plagi, nabakiza ncha nje. Nazungusha, pistoni inapanda, inabana kamba, imegoma. Sasa nati inafunguka bila bisibisi popote. Nairudisha nati ilingane na ncha ya shafti ili nyuzi zisiharibike, halafu pula, kile kifaa cha kuivuta flaiwili itoke. Huna pula, nyanyua injini kwa flaiwili kidogo na ugonge nati kwa nyundo ya mpira, inaachia.

Wakati wa kurudisha, pale shafti ilipochongoka pafute pawe pakavu kabisa, usipake grisi. Watu wanadhani kii, kile kichuma kidogo kati ya shafti na flaiwili, ndio inabeba nguvu. Kii inaonesha tu mahali pa kukaa, kinachobeba ni msuguano wa pale. Ukipaka grisi au ukilegeza nati, flaiwili inahama, kii inakatika, na moto wa plagi unakuja wakati sio wake. Dalili yake kamba inakunyang'anya mkono au kabureta inatema.

Flaiwili mpya hii, 25,000, nimeipata dukani Barabara ya 12 baada ya maduka matatu, beba ya zamani mkononi ulinganishe sumaku na tundu. Koili, hii inayotengeneza umeme wa plagi, naiachia nafasi ya milimita 0.3 kutoka kwenye sumaku, huna kipimo tumia kadi ya biashara, iweke katikati ya sumaku na koili, kaza boliti, chomoa kadi.

Haya, glasi ya mama imerudi. Navuta... mvuto wa pili. Naongeza moto. Angalia maji. Angalia maji! Yanatetemeka, ndio, ni tu-stroki, lakini glasi imekaa pale pale. Roho yangu imetulia.

Wanaouliza namba ya duka nitaweka chini. Tumefika watu 2,000 kwenye chaneli, ahsanteni sana, wengi wenu ni wa Muheza na Pangani nawaona. Na hii flaiwili ya zamani naipiga nyundo sasa hivi mbele yenu, vipande vipande, maana nikiiacha nzima mtu wa chuma chakavu ataiokota na kesho itakuwa kwenye mashine ya mwingine. Dogo, rudi nyuma kidogo.