Nyota nne kwa steshenari ya nyuma ya soko kuu, Tabora: maombi ya vyuo vya uuguzi

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeibania, na sababu nitaisema huko chini, wala si bei.

Naandika kwa ajili ya mzazi au mlezi yeyote wa hapa Tabora mjini ambaye mtoto wake anaomba uuguzi na nyumbani hana kompyuta, yaani karibu sote. Steshenari yenyewe iko kwenye uchochoro nyuma ya soko kuu, upande wanaokaa wauza michembe na karanga. Bango lake limeliwa na jua mpaka jina halisomeki. Ulizia steshenari ya kwenye mwembe, ingawa hapa Tabora kumwelekeza mtu kwa mwembe ni sawa na kutomwelekeza. Mlango ni wa kijani, mashine ya kopi unaiona ukiwa nje, na kuna benchi ambalo saa nne asubuhi limeshajaa: wanachuo wa Uhazili na ripoti zao za fildi, wakulima wa tumbaku na makaratasi ya AMCOS, vyama vyao vya ushirika, na watoto waliomaliza kidato cha nne wakiwa na mama zao.

Mimi ni fundi cherehani, na niliyempeleka ni binti wa kaka yangu ninayeishi naye. Amepata C ya Biolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia, Kiswahili na Kiingereza navyo kafaulu. Kwa matokeo hayo anaruhusiwa kuomba stashahada ya uuguzi na ukunga, ile ya miaka mitatu. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na Kemia, Biolojia na Fizikia ziwemo. Ila kuruhusiwa kuomba si kupata. Kila mwenye D zake nchi nzima anaomba, na wenye B nao wanaomba hapohapo, kwa sababu vyuo vya serikali ada yake ni nafuu na kila mzazi anaamini nesi hakosi kazi. Nafasi za chuo kimoja zinahesabika, na mwenye ufaulu mkubwa anatangulia.

Kabla ya hapo tulipita steshenari nyingine, siitaji. Kijana wa pale hakuuliza hata matokeo. Alikuwa anajaza huku jicho moja liko kwenye mpira, na alipofika sehemu ya namba ya simu akaandika ya kwake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, ndivyo tunavyofanya, majibu yakija mimi nitakupigia." Nikamwambia afute, tukaondoka. Biashara hiyo naielewa. Namba ikiwa yake na paswedi yake, basi kila ukitaka kujua kinachoendelea unarudi kwake na hela mkononi. Mimi mwenyewe ninaishi kwa "njoo kesho, bado vifungo tu", kwa hiyo mtu akitaka kunifunga kamba ya namna hiyo namwona tangu mbali.

Kwenye mlango wa kijani mambo yalikuwa mengine. Kijana, nadhani ndiye mwenye duka, alianza na salamu, "Mwangaluka mama," tukasalimiana kama watu, ndipo akaomba kuona matokeo. Kibodi hakuigusa. Alifungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, ni faili refu lenye majina ya vyuo vyote, akageuza skrini upande wetu. Akamwonyesha binti safu mbili ambazo mimi nisingejua kuzitafuta, ya idadi ya nafasi na ya ada. Huyu mtoto alikuja na Dar es Salaam kichwani, machaguo yote Dar, kwa kuwa rafiki zake wote wameandika Dar. Kijana akamwambia, "Mdogo wangu, wewe na rafiki zako mnagombania mlango mmoja. Hiyo D ya Kemia hapo mlangoni itasukumwa." Akamshauri aweke kimoja cha serikali anachokitaka kweli, kisha aangalie na vyuo vya huku kwetu vilivyo karibu na hospitali za misheni, kama Nkinga kule Igunga, au Kabanga kule Kasulu kama hatujali safari. Nikauliza ada. Akaweka kidole kwenye skrini nisome mwenyewe. Nikaguna. Akasema, "Guna sasa mama, usije ukaguna siku ya kuripoti."

Binti alinuna kidogo, halafu akaanza kuuliza maswali ya maana: hosteli ipo ndani au nje, mazoezi ya wodini yanafanyika hospitali gani. Yale asiyoyajua kijana alisema hayajui, piga simu chuoni, namba hizi hapa.

Kujaza kwenyewe kulikuwa kwa utaratibu. Namba ya mtihani aliisoma kwa sauti tarakimu mojamoja, binti akifuata kwa kidole kwenye karatasi yake, maana ukikosea tarakimu moja unaweza kuletewa matokeo ya mtoto wa mtu mwingine. Namba ya simu akaweka yangu, ya kitochi hiki hiki. Paswedi akamwambia binti aiandike mwenyewe, yeye akageukia ukutani. Mwisho akachapa fomu iliyojazwa, akaitia kwenye bahasha ya kaki, na juu ya bahasha akaandika kwa maka peni nyekundu: HAKUNA NAFASI INAYOLIPIWA KWA NAMBA YA MTU. Elfu tano kazi yote, karatasi humohumo. Ada ya maombi ni nyingine, hiyo unalipa kwa kontroli namba kwenye simu yako, na alitaka nisome jina la anayelipwa kabla sijabonyeza.

Lakini kujaza fomu ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ngumu ni kusubiri, na hapo ndipo nilipowapenda.

Nyumbani kwangu tangu siku ile kitochi kimekuwa mgonjwa mahututi, hakiachwi peke yake. Kikilia, cherehani inasimama. Ujumbe unaanza na "Hongera!", binti anashika mdomo, kumbe wanatukopesha bando. Hizi meseji za hongera zingepigwa marufuku miezi ya udahili. Jioni anaazima simu janja ya jirani, anaingia na paswedi yake, anakuta palepale pa jana, anarudisha simu na kusema "bado" kabla sijamuuliza. Kitambaa cheupe cha tetroni kipo kabatini, baba yake alikinunua kwa furaha siku ya matokeo. Ameshajipima mwenyewe mabega, kiuno na urefu, kaviandika kwenye daftari langu la wateja. Nimekataa kukata. Kila chuo kina mshono wake wa sare, na mkasi ukishapita haurudi.

Tukienda kuuliza, aliyejaza kwao hatozwi. Na hawampi mtu matumaini ya kumfukuza tu dukani. Kijana alimweleza binti kwamba dirisha la maombi likifungwa kuna kuchambua majina, ndipo waliochaguliwa watangazwe. Akikosa awamu hiyo na vyuo vikabaki na nafasi, dirisha hufunguliwa tena, kwa hiyo bahasha isitupwe na paswedi isisahaulike. Kisha akatupa kazi ya kufanya, na kwa mtu anayesubiri hiyo ni dawa. Aliuliza, "Cheti cha kuzaliwa anacho?" Tunacho. "Majina yanafanana na ya shule?" Tukakitoa. Jina la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja ambayo kwenye karatasi ya matokeo haipo. Miaka yote hatukuwahi kuliona hilo. Akatuelekeza tukale kiapo kwa wakili sasa hivi, tusingoje wiki ya kuripoti ambapo kila mtu anakimbilia huko. Bima nayo akatukumbusha tuanze kuitengea, ile ya mwanafunzi inayolipwa kwa mwaka. Vipimo vya hospitali akasema tuviache kwanza, fomu yake inakuja na maelekezo ya kujiunga ya chuo, ukipima mapema unaweza kulipa mara mbili. Mwingine angetuchapia fomu yoyote ya vipimo akachukua hela yake.

Ile maka peni nyekundu imeshafanya kazi. Alinipigia mwanaume mwenye sauti ya kistaarabu, anajiita mwalimu wa udahili, na jina la binti analijua. Eti imebaki nafasi moja ya uuguzi, wanaigombea wawili, nimtumie hela ya kuishikilia kwenye namba hiyohiyo aliyopigia. Nikamuuliza nafasi ni ya chuo gani, akaanza kukohoa. Binti akachukua simu, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu, tunaomba kontroli namba." Simu ikakatika. Wazazi wenzangu, hawa watu wanajua kabisa ni miezi gani tunalala na simu chini ya mto.

Sasa nyota ya tano. Pale dukani kuna msaidizi, kijana mdogo mwenye sauti ya mnadani. Mtu akija kuangalia majibu, yeye anayasoma kwa sauti na duka zima tunasikia. Nilikuwepo alipokuja msichana mmoja, bado kavaa aproni ya mgahawa, ameomba ruhusa ya dakika chache kazini. Aliomba kozi nyingine, siyo uuguzi, na majibu yake yalishatoka. "Wewe hujachaguliwa popote," msaidizi akamtangazia, huku anapanga karatasi kwenye mashine ya kopi. Wanachuo wakageuka wote. Yule msichana akasema asante, akatoka, na chenji yake akaiacha kaunta. Mwenye duka alimfuata mpaka nje na chenji, nikamsikia anamweleza habari za dirisha la pili, na aliporudi alimsema msaidizi mbele yetu. Vizuri. Ila neno lilishatoka, na watu walishageuka. Skrini ile ile mnayotugeuzia wakati wa kuchagua vyuo, igeuzeni na wakati wa majibu, mtu asome mwenyewe kimya. Haihitaji mtaji.

Mengine ni madogo. Benchi linapigwa na jua kuanzia saa sita. Umeme ukikatika wanategemea jenereta la jirani, na jirani naye hutaka abembelezwe. Siku ambayo watu wengi wanaingia kwenye mtandao kwa pamoja, ukurasa unazunguka tu, na hapo hata kijana hana ujanja. Anakuambia uende zako, uje jioni, na ukija jioni kweli unamkuta amekungoja. Mimi kama fundi, hilo lilinigusa mahali.

Majibu ya uuguzi hadi naandika bado. Ukienda, wahi kabla ya saa nne. Beba karatasi ya matokeo ambayo namba ya mtihani inasomeka, cheti cha kuzaliwa, na simu yenye laini yako mwenyewe, na hela ya ada ya maombi iwe tayari kwenye simu, maana wakala wa jirani foleni yake inafika barabarani. Jumapili wanafungua baada ya ibada. Ukimkuta yule msaidizi peke yake, mwambie mapema kabla hajafungua ukurasa kwamba majibu ya mwanao unayasoma mwenyewe.