Ufunguo wa Dola Milioni 4.4: Tathmini ya Bidhaa Iliyouzwa na DarkSide

Bidhaa ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani, haina dhamana, na wauzaji wake wanasakwa na serikali ya Marekani, ambayo mnamo Novemba 2021 ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni 10 kwa atakayetoa taarifa za kuwafichua viongozi wao. Hata hivyo ni bidhaa kamili, yenye bei, yenye mnunuzi, na yenye dawati la kumhudumia mteja aliyekwama. Ni programu ya kusimbua mafaili, yaani kuyafungua yale yaliyosimbwa (yaliyofungwa kwa msimbo wa siri), ambayo kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani iliinunua kwa kundi la wadukuzi la DarkSide tarehe 8 Mei 2021, kwa bitcoin 75, ambazo siku hiyo zilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 4.4. Mjadala wa kulipa au kutolipa kikombozi, yaani fidia wanayodai wadukuzi, pale miundombinu ya nishati inaposhambuliwa huendeshwa zaidi kwa hoja za maadili na za usalama wa taifa. Mimi nimeona afadhali niupime kama mnunuzi apimavyo kifaa: kinauzwa kwa kazi gani, na kazi hiyo kiliifanya?

Tumwangalie kwanza mnunuzi. Bomba la Colonial lina urefu wa kilomita 8,850 hivi, kutoka Houston, Texas, hadi Linden, New Jersey, na wakati huo lilikuwa likisafirisha mapipa yapatayo milioni 2.5 kwa siku, sawa na karibu asilimia 45 ya mafuta yanayotumika katika majimbo ya pwani ya mashariki. Alfajiri ya tarehe 7 Mei, muda mfupi kabla ya saa kumi na moja, mfanyakazi wa chumba cha uendeshaji aliukuta ujumbe wa kudai fidia kwenye skrini ya kompyuta. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi, bomba zima lilikuwa limesimama. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba waliolisimamisha ni wenyewe wa Colonial. Wadukuzi walikuwa wamesimba kompyuta za ofisini. Pampu na vali hazikuguswa. Kampuni ililifunga bomba kwa sababu haikuweza kujua, kwa saa ile, kama aliyeingia katika mtandao wa ofisi alikuwa na njia ya kuvuka hadi kwenye mitambo inayosukuma mafuta.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza ya bidhaa hii inapojitokeza, nayo ni kasoro ya msingi. Aliyeibiwa na kufungiwa chumba, kisha akauziwa ufunguo na mwizi yuleyule, ataufungua mlango, lakini hatajua kama mwizi ametoka au bado yumo uvunguni. Colonial ilihitaji kujua mambo mawili: kama adui bado yumo ndani ya mtandao, na kama mitambo ni salama kuwashwa. Majibu ya maswali hayo hayakuwamo katika kifurushi cha DarkSide. Yalitafutwa na wataalamu wa kampuni ya usalama wa mitandao ya Mandiant waliofuatilia nyayo za wadukuzi ndani ya seva, na wafanyakazi wa Colonial waliolikagua bomba kwa miguu na kwa magari wakitafuta dalili za kuharibiwa. Bomba lilianza kuwashwa tena jioni ya tarehe 12 Mei, siku nne baada ya malipo.

Na je, kazi yake yenyewe ya kusimbua ilikwendaje? Kwa mujibu wa taarifa za shirika la habari la Bloomberg wakati huo, programu hiyo ilikuwa ya polepole mno, kiasi kwamba kampuni iliendelea kurejesha mifumo yake kwa kutumia nakala rudufu zake yenyewe. Mkurugenzi mkuu, Joseph Blount, alipofika mbele ya kamati ya Seneti tarehe 8 Juni, hakusema kwamba ufunguo ulikuwa bandia. Alikiri tu kwamba haukuwa chombo kamili, na akaeleza kuwa mifumo saba ya fedha, iliyopotea tangu asubuhi ya tarehe 7 Mei, ndiyo kwanza ilikuwa ikirejeshwa wiki hiyo. Mwezi mmoja umepita, dola milioni 4.4 zimelipwa, na idara ya fedha bado inasubiri mifumo yake.

Ukawiaji huo si ajali. Mdukuzi huwekeza ustadi wake katika kufunga, kwa kuwa kila dakika inayopita kabla ya kazi kukamilika humwongezea hatari ya kugunduliwa. Kufungua hakumletei senti ya ziada, kwa maana wakati huo fedha zimeshafika. Mnunuzi naye hawezi kuiendesha programu hiyo ovyo ovyo: kila seva lazima kwanza isafishwe na kuhakikiwa, la sivyo atasimbua mafaili mchana na kuyakuta yamesimbwa upya usiku. Kwa hiyo muda unaoahidiwa na muuzaji si muda atakaoutumia mnunuzi, hata kama kila neno la muuzaji ni kweli.

Kifurushi kilikuwa na kitu cha pili, nacho ni ahadi. Kabla ya kusimba chochote, wadukuzi walikuwa wamenyonya takriban gigabaiti 100 za data, wakatishia kuzianika hadharani. Anayelipa huahidiwa kwamba nakala hizo zitafutwa. Sijui bidhaa nyingine yoyote ambayo mnunuzi wake hana njia hata moja ya kuthibitisha kuwa ameipata. Aliyetaka mfano aliupata mwaka 2024, katika sekta ya afya: kampuni ya Change Healthcare ya Marekani ililipa dola milioni 22, kisha kundi jingine likajitokeza na data zilezile na kudai malipo mapya.

Kuhusu muuzaji, lazima nikiri kuwa huduma yake kwa wateja ilipangwa vizuri kuliko ya baadhi ya mashirika ninayolipia ankara kila mwezi. DarkSide haikuwa genge la watu wachache chumbani, bali biashara ya kukodisha: waundaji walitengeneza programu, na washirika wao wakaitumia kuvamia, kisha mapato yakagawanywa kwa viwango vilivyotangazwa, ambapo fungu la waundaji lilianzia asilimia 25 kwa fidia ndogo na kushuka hadi asilimia 10 kwa fidia kubwa. Walikuwa na ofisi ya habari. Mwaka 2020 walijaribu kutoa sadaka ya dola 10,000 kwa kila shirika kwa mashirika mawili, mojawapo likiwa The Water Project, linalochimba visima katika nchi za Afrika, Kenya ikiwamo. Sadaka ya mali ya wizi, inayotangazwa kwa risiti. Baada ya Colonial walitoa tamko kwamba lengo lao ni kupata fedha, si kuleta matatizo kwa jamii. Kampuni ya uchambuzi wa miamala ya Elliptic ilikadiria kuwa kundi hilo lilikusanya bitcoin zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 90 katika muda wa miezi tisa hivi.

Kuna kipengele cha bei ambacho hakitakiwi kusahauliwa. Tarehe 7 Juni, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba FBI imezikamata bitcoin 63.7 kati ya zile 75. Wapelelezi walizifuatilia katika daftari la wazi la miamala hadi kwenye pochi moja ya kidijitali, na ufunguo wa siri wa pochi hiyo wakawa nao mkononi. Kiasi hicho kinakaribiana sana na asilimia 85, fungu la mshirika aliyevamia. La waundaji lilikuwa limekwisha kwenda zake. Na kwa kuwa thamani ya bitcoin ilikuwa imeporomoka kati ya Mei na Juni, kilichorudi kilikuwa na thamani ya dola milioni 2.3 tu. Aliyesoma habari hiyo akadhani kuna utaratibu wa kurejeshewa fedha ajihadhari. Fedha zilirudi kwa sababu Colonial iliwaarifu FBI mapema, na kwa sababu wapelelezi walikuwa na ufunguo wa pochi ile.

Haki itendeke kwa Blount. Aliliambia gazeti la The Wall Street Journal kwamba hakuuchukua uamuzi huo kwa wepesi, na kwamba aliona ndio uliofaa kwa nchi. Ni rahisi kumhukumu mtu ukiwa umeketi na kalenda yote mbele yako, ilhali yeye alikuwa na saa chache, hajui ukubwa wa uharibifu, na karibu nusu ya mafuta ya ukanda mzima imelala ndani ya bomba lake. Lakini kalenda hiyo ina la kusema. Malipo yalifanyika Jumamosi ya tarehe 8. Foleni ndefu, vituo vilivyokauka katika Carolina Kaskazini, Georgia na Virginia, bei ya petroli kuvuka dola 3 kwa galoni kwa mara ya kwanza tangu 2014, ndege za American Airlines kutoka Charlotte kulazimika kutua njiani kuongeza mafuta, na tume ya usalama wa bidhaa kuwaomba wananchi wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki: hayo yalipamba moto katikati ya wiki iliyofuata, wakati ufunguo tayari uko mikononi mwa kampuni. Kama kilichonunuliwa ni kuwaepushia wananchi taabu hiyo, hakikufika.

Mbadala wake upo, nao si rahisi. Mwezi Machi 2019 kampuni ya Norsk Hydro ya Norwei, inayozalisha alumini na umeme wa maji, ilishambuliwa kwa namna hiyohiyo ikakataa kulipa. Matangazo ya karatasi yalibandikwa milangoni yakiwakataza wafanyakazi kuunganisha kompyuta na mtandao, viwanda vikaendeshwa kwa mkono, na mifumo ikarejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu. Gharama ilifikia takriban dola milioni 70. Mtetezi wa kulipa hupenda kuziweka namba hizo mbili bega kwa bega, 70 na 4.4, lakini ulinganisho huo una udanganyifu ndani yake, kwa sababu Colonial nayo ilitarajia kutumia makumi ya mamilioni ya dola kurejesha mifumo yake. Fidia haikuchukua nafasi ya gharama hiyo. Iliongezwa juu yake.

Kwa msomaji wa huku kwetu, tukio lililo karibu zaidi ni la Johannesburg, Julai 2019, ambapo hifadhidata za shirika la umeme la City Power zilisimbwa na wateja wa malipo ya kabla wakashindwa kununua umeme. Mitambo ilikuwa mizima na nyaya zilikuwa na umeme, lakini umeme uliokuwapo haukuweza kuuzwa. Anayetumia LUKU au tokeni ataelewa bila kuelezwa kwamba siku hizi mfumo wa mauzo nao ni sehemu ya mtambo.

Na ipo hasara ambayo haiandikwi katika hesabu za mnunuzi. DarkSide ilitangaza kufunga shughuli katikati ya Mei 2021. Baadaye likaibuka kundi la BlackMatter, kisha ALPHV, ambalo FBI ilieleza mwaka 2022 kuwa wengi wa waundaji na wasafishaji fedha wake wana uhusiano na makundi hayo mawili yaliyotangulia. ALPHV ndilo lililohusishwa na shambulio la mwishoni mwa Januari 2022 dhidi ya kampuni ya maghala ya mafuta ya Oiltanking nchini Ujerumani, na ndilo lililopokea zile dola milioni 22 za Change Healthcare. Mnunuzi wa kwanza alimlipia mtaji muuzaji aliyerudi kwa wengine.

Hata hivyo siungi mkono marufuku ya jumla ya kulipa. Carolina Kaskazini na Florida zimezikataza taasisi zao za umma, na hilo linaeleweka, lakini kampuni binafsi itakayotishiwa adhabu italipa kimya kimya kupitia mtu wa kati, na FBI hawataiona pochi. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2022, inayoelekeza makampuni ya miundombinu nyeti kuripoti malipo ndani ya saa 24, inaelekea pazuri zaidi.

Sipendekezi bidhaa hii kwa mwendeshaji yeyote wa nishati mwenye nakala rudufu zinazofanya kazi. Asiye nazo ataulipia ufunguo na bado atajenga upya. Wadukuzi waliingia Colonial tarehe 29 Aprili kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa kampuni ukiwa mbali) iliyosahaulika, isiyotumika tena, yenye nywila peke yake bila uthibitisho wa hatua ya pili. Kuifunga akaunti kama hiyo ni kazi ya dakika chache. Linalochukua muda mrefu zaidi, na ambalo ningemshauri kila mkurugenzi aliagize kabla ya kuzungumzia bima wala fidia, ni kuurejesha mfumo mzima wa ankara kutoka kwenye nakala rudufu, kwenye seva tupu, huku mtu ameshika saa.