Tahadhari: Muuzaji wa amplifaya anayefungua geini hadi mwisho

Ninawatahadharisha wote wanaojiandaa kufungiwa muziki kwenye gari wawe macho na muuzaji anayethibitisha nguvu ya amplifaya kwa kuzungusha geini (kitufe cha amplifaya cha kuilinganisha na redio) hadi mwisho na kuwasha kiongeza besi, kwa sababu ndivyo nilivyopoteza subwufa mbili, yaani spika za besi.

Niliuziwa amplifaya iliyoandikwa wati 3000. Ilipojaribiwa, kioo cha nyuma kilitetemeka, nami nikalipa kwa furaha. Wiki tatu baadaye harufu ya kuungua ilitoka kwenye boksi, kisha subwufa ikanyamaza. Muuzaji alidai kwamba spika yangu ilikuwa dhaifu, akaniuzia nyingine, nayo ikaungua vilevile. Ndipo nilipoichunguza amplifaya mwenyewe, nikakuta geini imekazwa hadi inagota.

Geini si sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio, ambazo kwa redio nyingi huwa kati ya 2 na 4. Ikizidishwa, amplifaya hufika kikomo chake mapema, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na koili ya spika, yaani waya uliozungushwa ndani yake, hupata joto isiloweza kulitoa. Mnunuzi husikia kishindo akadhani ni nguvu.

Hata hizo wati 3000 zilikuwa uongo, na ushahidi ulikuwa pale pale ubavuni: fyuzi moja ya ampea 30. Kwa umeme wa volti 14, zinazoingia ni wati 420 tu, na zinazoiendea spika lazima ziwe pungufu ya hizo.

Kabla ya kulipa, mtake fundi atumie mita ya kupimia volti kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Spika zichomolewe, kiongeza besi kizimwe, geini irudishwe chini kabisa, redio iwekwe robo tatu ya sauti yake na ipigwe toni ya hezi 50. Kisha geini ipandishwe polepole hadi mita, ikiwa upande wa AC (umeme wa mkondo geu), isome kipeuo cha pili cha jibu la kuzidisha wati halisi za amplifaya kwa omu za spika. Kwa wati 225 na omu 4, hiyo ni volti 30.

Nilipomrudia, alikataa dhamana akisema kwamba nilipiga muziki kwa fujo, ilhali geini aliikaza yeye. Kama gari lako lilifungwa kwa mtindo huu na spika bado ni nzima, ishushe geini kabla hujawasha muziki tena.